Msimu Niliomvizia Profesa

Jumapili, 16 Machi

Leo saa tisa alasiri msimu wa mbio za magari unaanza, na nimefungua daftari hili kwa ajili ya mtu mmoja. La mbio ninalo jingine, lenye muda wa kila mzunguko. Hili ni la Profesa.

Niandike kisa chote, ili siku nikianza kulegea nisome na damu inichemke upya.

Kila Jumapili ya mbio tunakutana kwenye karakana ya kaka yangu, fundi wa makochi. Televisheni yake ni pana kuliko mlango, nasi tunakalia makochi ya wateja ambayo bado hayajavishwa kitambaa, springi zikitufinya. Tuko sita au saba, na mkubwa wetu kwa maneno ni Profesa. Si profesa wa chochote. Ni mwalimu wa udereva, mwaka wa ishirini na mbili huu kazini, na kila Jumatatu asubuhi redio humpa robo saa achambue mbio za jana. Sauti anayo, sitamdhulumu. Akisema kona, unaiona.

Mwaka jana mwezi wa Oktoba nilimnong'oneza, tukinywa chai, kwamba Barafu, bingwa wake anayemwabudu, tangu apate ajali anawahi kukanyaga breki kwenye kona za kushoto. Za kulia, hapana. Nilikuwa nimeandika muda wa mbio saba mpaka kulipata hilo. Jumatatu, niko kazini, mikono imejaa plasta ya kutengenezea meno, nikayasikia maneno yangu yakitoka redioni kwa sauti yake, hadi mfano wangu wa mtu anayetafunia upande mmoja kwa kuogopa jino bovu. Jumapili iliyofuata nikamwambia mbele ya wote: "Profesa, lile lilikuwa langu."

Akageuka taratibu. "Dada, wewe chonga meno ya wazee. Mbio tuachie sisi wenye meno yetu."

Karakana nzima ikaangua kicheko. Kaka yangu, baba mmoja mama mmoja, alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kipande cha kitambaa cha kochi.

Ndiyo, natengeneza meno ya bandia. Nina chumba changu nyuma ya kliniki ya daktari wa meno, na nimewarudishia mamia ya watu kicheko chao. Kile cha siku ile bado kinanilia masikioni. Msimu huu Profesa atanilipa mbele ya watu walewale.


Jumatatu, 17 Machi

Barafu kashinda, Dogo, kijana wa timu yake, wa pili. Redioni Profesa kasema Dogo bado ananyonya. Nimeandika.


Jumapili, 13 Aprili

Kwa atakayesoma hili nikiwa sipo: Barafu na Dogo wanaendesha timu moja, gari lilelile, rangi ileile. Wanatofautiana kofia tu. Ya Barafu nyeupe, ya Dogo njano. Ndiyo maana hakuna wa kusingizia injini. Mmoja akimshinda mwenzake, kamshinda kwa mikono na kichwa.

Leo Dogo kashinda. Mabishano yakawaka.

"Bahati," kasema Profesa. "Barafu kaitwa mapema kubadili matairi, timu imemwangusha."

"Kaitwa kwa sababu ameyala," nikasema. "Mizunguko kumi na tano tu matairi yake yamekwisha, ya Dogo yako mazima. Gari moja, njia moja. Nani anayakanyaga matairi vibaya?"

"Sasa fundi meno anajua hata ulaji wa matairi!" Wakacheka, ila kidogo. Fundi rangi, yule mnene anayekuja na viatu vyenye madoa, hakucheka. Akaniuliza: "Mizunguko kumi na tano? Una hakika?" Nikamwonyesha daftari. Akasoma, akatikisa kichwa kwa kukubali.

Mmoja huyo.


Jumapili, 4 Mei

Barafu kamsukuma Dogo nje ya njia. Makusudi kabisa, mzunguko wa mwisho, kona ya kulia. Dogo alikuwa ndani, amekwisha kumpita nusu gari. Barafu akamfungia kama mtu anayefunga mlango mgeni akiwa kizingitini. Dogo akaishia kwenye kokoto. Barafu kashinda, na akihojiwa kasema hakumwona.

Hakumwona! Nilisimama juu ya kochi. Nimesema mbele ya wote kwamba ningekuwa Dogo, siku moja, siku ambayo itamuuma zaidi, ningemwingilia na gari langu zima, tutoke wote wawili. Kaka akasema, "Dada, kunywa maji."

Profesa alinitazama kwa lile pozi lake jipya, kichwa kimeinama upande kama kuku anayekagua punje. "Chuki," akasema, "haijui kuendesha."

Nimeandika na hilo.


Jumapili, 18 Mei

Mvua huko kwenye mbio. Zimesimamishwa, zimeanzishwa, zimesimamishwa. Tumekula karanga tukaachana.


Jumapili, 15 Juni

Niandike haraka, kabla sijasahau hata moja.

Mzunguko wa thelathini Dogo alimpita Barafu kwa nje. Kofia ya njano kama limau, mtoto angeiona. Profesa akaruka: "Mnamwona mzee! Barafu huyo, kwa nje!" Tukadhani anatania. Kisha mtangazaji wa televisheni akataja jina la Dogo, na Profesa hapohapo, bila kupumua: "Nilikuwa nawapima tu." Wakacheka. Mimi sikucheka. Nilimtazama yeye badala ya televisheni mpaka mbio zikaisha.

Haitazami moja kwa moja. Anageuza uso pembeni, ndio anaona. Kikombe anakitafuta kwa kupapasa meza. Mtangazaji akinyamaza, naye ananyamaza. Mtangazaji akisema, yeye husema lilelile sekunde moja baadaye, kwa maneno matamu zaidi.

Mwisho nikamsogelea na daftari langu. "Profesa, nisaidie. Muda huu wa mzunguko wa kumi, umeandikwa ngapi?"

Akapapasa mfuko wa shati. "Miwani nimesahau nyumbani."

Miaka tisa namjua. Hajawahi kuwa na miwani.


Ijumaa, 27 Juni

Kasuku alipita kliniki mchana. Kasuku ni binti wa kaka. Tulimwita hivyo tangu anajifunza kusema, kwa sababu alisema na hakunyamaza tena. Sasa ni muuguzi msaidizi, na kituo chake cha afya kimemwahidi kazi ya kuendesha gari la wagonjwa pindi apate leseni. Anajifunza kwa Profesa. Nani mwingine, rafiki wa baba.

"Shangazi, yule mwalimu ni wa ajabu! Anataka niseme kwa sauti kila ninachokiona. Taa nyekundu, mama na mtoto kushoto, lori mbele, mbwa. Nikinyamaza tu, anagomba. Wenzangu hawafundishwi hivyo."

"Anakuambia kwa nini?"

"Anasema macho ya dereva yako mdomoni."

Nilikuwa nimeshika taya la nta, nikaliminya likaharibika. Kwa hiyo si namba za televisheni tu. Haioni barabara.

Kasuku alipoondoka nilifunga mlango nikakaa. Niseme kweli, maana daftari halifichwi kitu: wazo la kwanza lilikuwa kumpigia kaka simu. La pili lilikuwa kwamba mwezi wa Septemba redio inakuja karakanani. Kipindi cha Profesa kinatimiza miaka kumi, na siku hiyo atatangaza mbio moja kwa moja, watu wote wakisikia, palepale aliponifanya nichekwe.

Nikimwambia kaka leo, watamwonea huruma. Watampikia. Atatoka shujaa.

Septemba si mbali. Na upande wake lile gari la kufundishia lina breki yake, na miguu yake ina miaka ishirini na miwili ya kazi. Na Kasuku anaona vizuri.

Sikupiga simu.


Jumapili, 6 Julai

Barafu. Wako sawa kwa pointi. Profesa kanisifia daftari langu mbele ya watu, nikatabasamu. Ladha yake ni kama ya karafuu kwenye jino.


Jumapili, 27 Julai

Dogo. Fundi rangi sasa anakaa kwangu, na muuza dawa pia. Kochi la Profesa limebaki na kaka tu.


Jumatano, 13 Agosti

Nimezungumza na kijana wa redio atakayesimamia matangazo. Kwa heshima zote nimemwambia, "Mwanangu, sauti ya televisheni itaingia kwenye vipaza sauti vyenu, itawaharibia. Bora izimwe, Profesa aeleze mwenyewe anavyoona." Akanishukuru. Kasema hakuna aliyewahi kufikiria hilo.


Ijumaa, 29 Agosti

Naandika kwenye benchi la hospitali, saa nne asubuhi. Kaka ameenda kutafuta chai.

Jana asubuhi, njia panda ya soko. Kasuku alikuwa anageuka kulia, Profesa pembeni. Lori lilikuwa limesimama, limemziba upande mmoja. Nyuma ya lori akatokea muuza mikate kwa baiskeli. Kasuku kamwona amechelewa, mguu ukamganda. Hapo ndipo mwalimu hukanyaga breki yake. Ndiyo sababu breki ile ipo. Profesa hakukanyaga. Walioshuhudia wanasema gari lilikwenda hata baada ya kugonga, likaishia kwenye nguzo.

Muuza mikate amevunjika mguu, na meno matatu ya mbele yametoka. Ataishi. Kasuku bega limechomoka na mfupa wake umepasuka.

Nilimkuta amelala, uso umevimba. Kitu cha kwanza: "Shangazi, sikusema. Niliona baiskeli, nikashindwa kusema."

"Si wewe," nikamwambia.

"Ni mimi. Polisi wameandika ni mimi. Kituo cha afya hakitanipa tena lile gari."

"Na mwalimu wako kasema nini?"

"Kasema nilikuwa mwanafunzi mzuri. Kwamba mambo haya hutokea."

Profesa mwenyewe nilimkuta kwenye korido, plasta ndogo kwenye paji la uso. Alikuwa anamweleza kaka, mkono begani mwake, kwamba mtoto alipata mshtuko, kwamba hakuna wa kulaumiwa, kwamba yeye kama mwalimu atamtetea. Atamtetea! Kaka anampa asante. Nilisimama hatua mbili kutoka kwake, na hakujua kama ni mimi au muuguzi mpaka niliposema.

Nilitaka kumvaa palepale. Nikajizuia. Kwa sababu ningesema, "Haoni," na kaka angeniuliza, "Wewe umejuaje?"

Bado siku tisa. Sasa si kwa ajili ya kicheko tena. Ni kwa ajili ya yule mtoto aliyelala pale akijilaumu. Hivyo ndivyo ninavyojiambia.


Jumatatu, 8 Septemba

Jana.

Watu wa redio walifika saa saba na nyaya zao. Mtangazaji ni mwanamke mchangamfu, kamkumbatia kila mtu. Kaka alikuwa ametoa kochi lake bora kabisa, la ngozi, akamkalisha Profesa katikati, kipaza sauti mbele yake. Watu walikuwa wamejaa hadi mlangoni. Kasuku naye alikuja, mkono kwenye kitambaa shingoni. Profesa mwenyewe ndiye aliyemwalika, watu waone kwamba hakuna kinyongo. Kamkalisha karibu.

Kijana wa redio akazima sauti ya televisheni. Nilikuwa namtazama Profesa usoni. Alisema, "Hapana, iacheni kidogo, inanipa mdundo." Kijana kamjibu itaingia kwenye vipaza sauti. Mtangazaji akaanza kuhesabu kwa vidole. Wakawa hewani.

Alianza vizuri. Salamu, historia, Barafu huyu, Dogo yule, ule mgongano wa Mei. Sauti ya asali. Taa za kuanzia zikazimika, magari yakaondoka, na watu wakapiga kelele, kwa hiyo akajua. "Wameondoka!" Nani kaongoza? "Barafu, bila shaka, Barafu anaingia kona ya kwanza kama mtu aingiaye nyumbani kwake!" Kweli alikuwa Barafu. Alibahatisha.

Mzunguko wa tatu gari la Barafu likatoa moshi. Likapunguza, likasogea pembeni, likasimama kwenye majani. Karakana ilisema "Aaah!" Profesa akalichukua lile "aah" akalifanya shangwe: "Mnasikia? Mnasikia watu? Barafu anafungua pengo!"

Kwenye televisheni Barafu alikuwa amekwisha kushuka. Alikuwa anatembea kwenye majani, kofia nyeupe mkononi, kichwa chini. Na Profesa anasema, "Anaikata ile kona ya kushoto, tazameni mikono yake ilivyotulia." Kamera ikamsogelea Barafu, uso umejaa televisheni nzima. "Mikono ya daktari wa upasuaji!"

Wa kwanza kucheka alikuwa mtu wa mlangoni. Kisha wengi. Kisha kicheko kikafa chenyewe, kwa sababu Profesa hakuacha. Aliendelea kumwendesha yule mtu aliyekuwa anatembea kwa miguu, jasho likimtiririka, kichwa kimeinama upande, akitafuta. Mtangazaji akamgusa. "Profesa. Barafu ametoka kwenye mbio."

"Najua," akasema. "Nilikuwa nawapima."

Nikasimama. Nimesubiri miezi mingi kusimama vile. Nikainua mkono wangu hatua tatu kutoka usoni kwake. "Basi tupime na sisi. Vidole vingapi, Profesa?"

Akageuza uso kushoto, akageuza kulia.

"Haoni," nikawaambia wote, na redio yao. "Anarudia maneno ya televisheni. Namba aliziiba kwangu kwa sababu hawezi kuzisoma. Na juzi hakukanyaga breki kwa sababu hakuiona baiskeli. Kamwacha mtoto huyu abebe msalaba wake."

Mtangazaji alikuwa anamwashiria kijana akate. Kijana alikuwa amepigwa na butwaa.

Niandike nilivyojisikia, bila kujipamba: nilisikia raha. Raha yenye joto, kuanzia tumboni hadi vidoleni. Profesa alikuwa amekuwa mdogo kwenye lile kochi la ngozi, na kaka yangu hakuwa anacheka.

Kisha Profesa akaniuliza, taratibu, si kwa ile sauti ya redio: "Umejua tangu lini?"

Na mimi, kwa majivuno, kama mwanafunzi anayejua jibu: "Tangu Juni."

Nilisikia springi za kochi. Kasuku alikuwa amesimama.

"Shangazi," akasema. "Juni?"

Nikapiga hatua kumwendea.

"Nilikuja kliniki kwako Juni. Nilikuambia anavyonifundisha. Ukaniuliza kama anasema kwa nini." Alikuwa hajapandisha sauti hata kidogo, yeye ambaye hunena kwa kelele hata msibani. "Uliniacha nikaingia kwenye lile gari miezi miwili."

Kaka alinitazama. Namjua mtu huyu tangu tulipokuwa tukilala kitanda kimoja, na sijawahi kumwona akinitazama hivyo. Akamshika bintiye mkono mzima, wakatoka. Kwenye televisheni, bila sauti, Dogo alikuwa anaongoza.


Jumatano, 10 Septemba

Kasuku hapokei simu. Kaka kapokea, kasema, "Niache kwanza," kakata.


Jumapili, 21 Septemba

Karakana imefungwa. Mbio nimetazama kwa simu, kazini, kati ya mataya. Barafu wa kwanza. Sikuandika muda.


Alhamisi, 25 Septemba

Profesa alikwenda polisi mwenyewe. Fundi rangi ndiye aliyeniambia. Kapelekwa na mkewe, kasema mbele ya mkuu wa kituo kwamba katikati ya macho yake pana doa tangu mwaka juzi, ugonjwa wa nyuma ya jicho usio na dawa, na kwamba Kasuku hakuwa na kosa. Kaweka leseni yake mezani. Wamefuta jina la Kasuku kwenye ile taarifa. Yeye atafikishwa mahakamani.

Nilitaka hilo. Nilidhani nikilipata nitalala kama mtoto.


Jumatatu, 6 Oktoba

Redio wamenipa ile robo saa. Nilikubali kabla mtu hajamaliza kuuliza. Leo nimezungumza mara ya kwanza: pengo la pointi, matairi, Dogo anavyotoka kwenye kona. Daktari kanipongeza, wagonjwa wawili pia.

Kaka hajasema kitu. Sijui hata kama alisikiliza.


Ijumaa, 17 Oktoba

Muuza mikate amekuja kliniki kwa magongo. Niliomba kwa daktari nimtengenezee meno yake mimi, na nimfanyie kila hatua mwenyewe. Nilipomjaza mdomo na ile dawa ya kuchukua umbo, ambayo inabidi mtu akae kimya dakika nne, nikamwambia. Kwamba nilijua mwalimu haoni. Kwamba nilinyamaza kwa sababu nilikuwa na kisasi changu. Alinitolea macho, mdomo umejaa, hawezi neno.

Nilipoitoa, akatema, akafuta kidevu. "Umechagua wakati mzuri wa kuniambia."

"Niliogopa."

"Haya. Sasa rudia, nina mdomo."

Nikarudia. Ilikuwa ngumu mara kumi. Akafikiri. "Meno nitayavaa," akasema. "Kukusamehe ni kazi nyingine, na sijaianza."


Jumapili, 9 Novemba

Dogo. Anaongoza kwa pointi mbili.


Jumamosi, 15 Novemba

Meno ya muuza mikate yamekaa. Kauma tufaha mbele yangu. Kaondoka bila kucheka, lakini kaaga.


Jumapili, 30 Novemba

Barafu wa nne, Dogo wa tano, lakini wote wamenyimwa pointi kwa kuzibiana njia. Pengo bado mbili. Kaka kanitumia ujumbe, wa kwanza tangu Septemba: "Jumapili ijayo nafungua karakana. Mbio za mwisho. Profesa anakuja." Nikamwandikia asimwalike. Akajibu: "Ni karakana yangu."


Jumatatu, 8 Desemba

Nilikwenda. Nusu kwa mbio, nusu kumwonyesha Profesa kwamba siogopi kukaa chumba kimoja naye.

Alikuwa kwenye kochi la katikati. Amekonda. Na pembeni yake, bega kwa bega, alikaa Kasuku. Bega limepona. Mwezi ujao ataanza upya na mwalimu mwingine. Hilo nalo nimeambiwa na fundi rangi. Hakunitazama. Nikakaa nyuma, kwenye fremu isiyo na sponji, mbao tupu.

Hesabu ilikuwa nyepesi. Barafu akimaliza mbele ya Dogo, Barafu bingwa. Dogo akiwa mbele, Dogo bingwa. Wakigongana wakatoka wote, Dogo bingwa kwa zile pointi mbili. Kila mtu alijua. Redioni Jumatatu iliyopita nilisema wazi: Dogo hahitaji kumshinda Barafu, anahitaji kumgonga tu, na baada ya yale ya Mei hakuna atakayemlaumu.

Sauti ya televisheni ilikuwa juu, lakini Kasuku ndiye aliyetangaza. "Njano mbele. Nyeupe nyuma yake, kama urefu wa magari mawili. Kona ya kulia. Nyeupe anatoka nje, anarudi. Moshi kidogo kwenye tairi la mbele, Profesa, kushoto." Hakunyamaza mizunguko hamsini. Profesa alikuwa ametazama sakafu, anatikisa kichwa. Nilimchukia. Nilimchukia kwa sababu kapoteza kila kitu na bado mtoto wetu yuko upande wake, na mimi nina robo saa ya redio na fremu ya mbao.

Mzunguko wa mwisho wakawa sambamba. Karakana yote imesimama isipokuwa Profesa. Barafu alikuwa ndani, kona ya kulia, kama ilivyokuwa Mei lakini wamebadilishana nafasi. Dogo alikuwa na kila kitu mkononi. Kukaza usukani kidogo tu.

"Mfungie!" nilipiga kelele. "Mgonge!"

Barafu akapita. Akatoka mbele kwa gari zima, akavuka mstari. Makelele, watu wanashikana vichwa. Fundi rangi anapiga kelele kwamba Dogo amezidiwa, muuza dawa anasema breki zimemkatalia.

"Ameachia mafuta," akasema Profesa.

"Hapana!" wakamjibu wengi.

"Ameachia. Injini moja imekatika kabla ya kona. Nimeisikia. Mtoto kaamua." Akamgeukia Kasuku. "Umeona nini?"

Kasuku alikuwa ameduwaa. "Walikuwa wamekaribiana mno. Sikuona mguu wake, sijui." Akageuka nyuma, akanitafuta kwenye ile fremu, na macho yake yakakaa kwenye yangu kwa mara ya kwanza tangu Septemba. "Shangazi. Ameachia au amezidiwa?"

Walikuwa wanarudia picha, polepole, kutoka ndani ya gari la Dogo. Nilisogea mpaka mbele, nikapiga magoti karibu na televisheni. Namba za mwendo ziko pembeni chini, ndogo, ambazo hakuna anayezisoma ila mimi. Nilitaka sana ziseme amezidiwa. Mikono ya Dogo ilikuwa imenyooka. Mwendo ukashuka kabla ya breki, kabla ya kona, akiwa bado na nafasi yote.

Wote walikuwa wananingoja, Profesa naye, uso umegeukia ilikotoka sauti yangu mara ya mwisho.

"Ameachia," nikasema. "Profesa yuko sahihi. Alimwona vizuri, akaachia."

Kasuku akamrudia Profesa, akamweleza lile ambalo picha ilikuwa inaonyesha sasa: Dogo ameshuka, anamwendea Barafu, wanasimama bila kushikana mikono. Kisha, bila kugeuka, akasogea kidogo kwenye kochi, upande wa kulia, pakabaki nafasi ya mtu mmoja.

Nilikaa pale pembeni yake, springi zikinifinya.